Zawadi za Vipande

Maneno ya wamama washonaji wa Kamatanda, yaliyosemwa mbele ya wakristu na wageni siku ya jubile ya parokia



Komite ya jubile ilituomba tuseme juu ya vitu vidogo ambavyo munaviona juu ya meza karibu na mulango: mifuko ya rozari, vitambaa vya kukamatia sufuria, vifuniko vya vitabu vya Misa, matakia madogo ya kuchomekea sindano, mipira ya watoto, vitambaa vya shingoni vya watoto wachanga. Vyote vilishonwa kwa mukono, na vyote vilitoka katika vipande vilivyobaki nyuma ya kushona matandiko ya vitanda. Matandiko yenyewe yanaunganishwa kwa vipande. Kwa hiyo vitu hivi ni vipande vya vipande. Kuna watu waliotuambia kama hotuba juu ya mambo madogo namna hii haifai kwa siku kubwa. Sisi tunaona kama katika parokia hii mabishano machache yalikuwa makali kupita yale yaliyoletwa na kikapo cha vipande. Tutayaeleza bila kuficha.

Tuanze na kitambaa chenyewe, kwa sababu watoto wetu wanafikiri kama nguo ilikuwa siku zote kitu cha kwenda kununua sokoni. Haikuwa hivyo. Katika siku za Msiri, mukubwa wa Bunkeya, aliyeuawa tarehe 20 Desemba 1891, kitambaa kilifika katika inchi hii juu ya mabega ya wapagazi kutoka pwani, miezi na miezi katika njia. Kile cheupe chenye nguvu kiliitwa merikani, kwa kuwa kilifumwa katika viwanda vya Marekani, na wafanyabiashara wa muji wa Salem ndio waliokipeleka Unguja. Njia ile ile iliyoleta merikani ilileta vilevile luga ambayo tunasema leo. Kitambaa kilikuwa zawadi kwa wakubwa, kilikuwa bei ya pembe za tembo na ya shaba. Kilikuwa hata bei ya watu, na neno hilo tusilifiche. Katika nyakati zile hakuna aliyetupa kipande, hata kidogo sawa na kiganja.

Kiisha reli ikafika Elisabethville mwaka 1910, ikapita kwenda Kambove, ikafika Bukama mwaka 1918. Reli na migodi vilileta kambi. Tangu mwisho wa miaka ya 1920, Union Minière ilitaka wafanyakazi wakae katika kambi pamoja na wake na watoto wao, na wanawake wakafunguliwa pahali pa kujifunza kushona, kufuma na kulea watoto. Bibi zetu walijifunza hapo kukunja pindo na kutia kifungo. Hatusemi kama mafundisho yale yote yalikuwa mazuri: yalimutaka mwanamuke ajue sindano na sufuria, na kalamu wakampa mume wake. Lakini sindano ile walioipokea walijua kuitumia kupita ginsi walivyofundishwa. Luga yetu ya Katanga hata leo inaita siku iliyo mbele ya yenga siku ya posho, kwa ajili ya chakula kilichogawanywa siku ile kwa wafanyakazi. Basi, mufuko wa unga uliokuwa wa pamba haukutupwa. Ulifunguliwa mushono, ukafuliwa mpaka maandishi yakafifia, ukakuwa bitana ya nguo ya mutoto. Wengine wetu tulivaa bitana zile, na tunakumbuka kama zilikwaruza mugongo.

Kuna wanaosema kama kuunganisha vipande ni kazi tuliyopewa na Wazungu. Tunawaomba watazame nguo za Wakuba wa Kasai. Kwao wanaume wanafuma kitambaa kwa nyuzi za mitende, na wanawake wanakishona na kukipamba. Kitambaa kile kinapotoka katika kufumwa ni kigumu. Kinapondwa ili kilainike, na katika kupondwa kinapasuka pahali pahali. Wanawake walifunika kila tundu kwa kiraka. Wenye kuchunguza mambo ya nguo wanasema kama ndivyo yalivyoanza mapambo yale ya viraka yanayojulikana dunia nzima: kwanza kiraka kilifunika tundu, kiisha mwanamuke akaongeza kiraka pahali pasipo na tundu, kwa kuwa macho yake yalipendezwa. Nguo zile zinatunzwa, na ndugu wanazileta siku ya kumuzika mutu wao. Hakuna Muzungu aliyefundisha jambo hilo.

Sasa tufike kwenye kikwembe. Kila mama aliye hapa anajua hesabu yake: pisi nzima ni yadi 6, karibu meta 5 na nusu, na inagawanyika mara tatu: yadi 2 za kushona libaya, yadi 2 za kufunga kiunoni, na yadi 2 za kufunga juu yake ao za kubebea mutoto. Fundi akikata shingo na mikono ya libaya, vinaanguka chini vipande vya umbo la mwezi mwandamo, vya pembe tatu, na vingine vyembamba kama utambi wa taa. Je, vipande hivi ni vya nani?

Munacheka. Lakini tuulizeni sisi tulioketi saa nyingi juu ya ulizo hilo. Fundi anasema: uzi ni wangu, mashini ni yangu, macho yanayochoka ni yangu, na kile kinachoanguka chini ya meza yangu ni changu vilevile. Mama anasema: nililipa yadi 6, na hata upana wa kidole nilioulipa ni wangu. Mafundi wengi wanashika vipande bila kusema, na wamama wengi wanavisahau bila kuuliza, na hivyo amani inakaa mpaka siku ile ambapo mama anaona kitambaa chake, kile alichokinunua kwa arusi ya mudogo wake, katika shingo ya mutoto wa jirani. Hapo hata sala ya Rozari haitoshi kuwapatanisha haraka.

Tangu mwanzo wa kundi letu tulikata shauri kama kila kipande, hata kile chembamba kama utambi, kitakunjwa na kurudishiwa mwenye nguo pamoja na nguo yake. Akisema, “Chukueni,” ndipo kinapoingia katika kikapo chetu. Akinyamaza, hakiingii. Wenzetu wengine walisema kama sheria hiyo inakifanya kikapo kijae polepole sana, na ni kweli, kinajaa polepole. Lakini mutu hawezi kumupa mwenzake zawadi ya kitu kisicho chake. Anayefanya hivyo anamupa mwenzake deni bila kumujulisha.

Kuna kikapo kimoja ambacho hatukukigusa kwa miaka mingi. Katika mwaka 1992 na mwaka 1993, wakati wa mabaya yale ambayo wakubwa wote wa Likasi wanayakumbuka, majirani wetu wa Kasai walifukuzwa katika manyumba yao. Wengi wao walizaliwa hapa. Baba zao na babu zao ndio walioletwa na kazi ya reli na ya migodi. Maelfu walilala kwenye stesheni ya Likasi na katika nyumba za masomo wakingojea treni, na watoto na wazee wengi walikufa, wengine mbele ya kuondoka, wengine katika njia. Katika kundi letu, wamama wa Kasai walikuwa kati ya wenye mukono mwepesi kupita wote. Mumoja aliacha kikapo cha vipande, vimekwisha kufuliwa na kupigwa pasi, vimefungwa tano tano kwa uzi mweupe. Alikuwa akivikata kwa tandiko la arusi ya binti yake.

Tulikiweka juu ya kabati ya chumba cha kushonea. Mara kwa mara, kitambaa chekundu kilipokosekana, mutu alikitazama kikapo kile, na mutu mwingine akasema hapana. Miaka ikapita, na watu wakaanza kurudi, mumoja mumoja. Mama yule alirudi vilevile, na nywele zake zimekuwa nyeupe. Alisalimia, akakaa, akakunywa maji, kiisha akauliza kikapo. Nyumba yake hakuiuliza mbele yetu. Watu wengine walikuwa wakikaa ndani yake, na jambo hilo halikuwa katika mikono yetu. Tulikishusha. Alihesabu mafungu. Panya walikuwa wamekula pembe za mafungu mawili. Mengine yote yalikuwa mazima. Binti alikuwa amekufa kule Kasai. Mama yule akashona mifuko ya rozari kwa vipande vile, mumoja kwa kila mama aliyekuwa katika chumba siku ile, hata kwa wale ambao waume zao walikuwa upande wa wenye kufukuza. Wanaotuuliza sababu gani tunashika kwa nguvu sheria ya mwenye kipande, jibu letu ni kikapo kile.

Tuseme sasa juu ya kazi yenyewe, kwa maana vijana wa kike wengi wameomba kujifunza, na hata kijana mumoja wa kiume, ambaye anashona vizuri kupita dada zake.

Evanjili ya Matayo inaleta mufano wa kiraka kipya kilichoshonwa juu ya nguo ya zamani: kiraka kinaivuta nguo, na tundu linakuwa kubwa kupita lile la kwanza. Mapadri wanaeleza mufano huo kwa mambo ya roho, na tunawaachia kazi yao. Lakini mushonaji anaposikia maneno hayo anajua kama Bwana wetu alikuwa amemutazama vizuri mama yake akishona. Kitambaa kipya cha pamba kinapungua katika maji. Ukikishona pamoja na kitambaa cha zamani bila kukifua kwanza, siku ya kufuliwa kitajikunja, na mushono utakunjamana sawa na uso wa mutu mwenye gazabu. Kwa hiyo fua kila kipande mbele ya kukikata. Fua kwa maji ya baridi, vile vya rangi kali peke yao. Kama maji yanakuwa mekundu, fua tena. Vikwembe vya bei ya chini vinavyojaa sokoni leo vinatoa rangi sana. Sugua kipande chenye maji juu ya kitambaa cheupe, na utajua mara moja.

Kiisha angalia kama ni pamba kweli. Vuta uzi mumoja, uuchome kwa kiberiti. Pamba inawaka sawa na karatasi na kuacha majivu laini. Nailoni na ndugu zake zinayeyuka na kuacha shanga ngumu nyeusi. Jambo hili si la kuchezea. Kitambaa cha kukamatia sufuria kilichoshonwa kwa nailoni kitayeyuka juu ya chuma cha moto na kushika katika ngozi ya mukono, na mama atakuwa ametia zawadi yako katika hesabu ya adui zake. Vitambaa vya kukamatia sufuria vishonwe kwa pamba tupu, na viwe vizito. Sisi tunaweka ndani tabaka tatu ao ine za bulangeti ya zamani ya pamba, tunapitisha mushono kutoka pembe mpaka pembe ili tabaka zisitembee. Wenye kusonga bukari kila siku wanajua sababu gani tunatia nguvu hapo: sufuria ile inashikwa kwa mukono mumoja, na mukono mwingine unasonga.

Angalieni vilevile njia ya nyuzi. Kitambaa kina uzi wa urefu na uzi wa upana. Ukikivuta kwa njia hizo mbili, hakikubali. Ukikivuta kwa mushazari, kinarefuka. Vipande vinavyoanguka katika kukata shingo ya libaya karibu vyote vina upande wa mushazari, na ndiyo sababu washonaji wapya wanalia kama miraba yao inakuwa pembe tatu. Usishindane na mushazari. Kata ukanda mwembamba katika njia ile, na utapata pindo lisilokuwa na mwenzake kwa kuzunguka shingo ya mutoto, kwa kuwa linakubali kupinda. Miraba ikatwe kwa kipimo cha kartoni, sentimeta 6 kila upande, na sentimeta 1 zaidi pembeni kwa mushono. Mushono wa mukono uwe wa kurudi nyuma: sindano inakwenda hatua mbili na kurudi hatua moja. Unakula uzi mwingi, lakini uzi ukikatika pahali pamoja mushono wote haufunguki.

Mufuko wa rozari unaonekana rahisi, na ni ule unaotushinda mara nyingi. Musalaba wa rozari una pembe. Unatoboa kitambaa kimoja katika mwezi mumoja. Lazima bitana, na lazima kona za chini zishonwe mviringo. Mipira ya watoto tunaijaza na vile vidogo kabisa visivyoweza kushonwa, tukivikata kwanza kama mboga. Juu ya vitu vya watoto wachanga hatutii kifungo wala shanga, hata kama mama wa mutoto anaomba, kwa kuwa kila kitu kinachoweza kuvutwa na mutoto kitaingia katika kinywa chake.

Na zawadi inasema. Vikwembe vina majina, na majina hayo yanatembea na wafanyabiashara kutoka inchi mpaka inchi. Wadachi wa Helmond, wanaotengeneza vitambaa vya nta tangu 1846 kwa namna waliyoiiga kutoka Java, wanaandika namba tu. Majina yanatoka kwa wanawake wa Afrika. Kuna kimoja kinachojulikana tangu Afrika ya magaribi kwa jina la Jicho la Mukewenza. Kipande chake ni kizuri, rangi zake zinashika. Lakini ukimushonea bibi arusi kitambaa cha sufuria kwa kipande kile, atakaa usiku mzima akiuliza ulitaka kumwambia nini. Sisi tunakitumia ndani ya mipira ya watoto, ambako jicho lile halimutazami mutu.

Tufike kwenye mabishano makubwa, ambayo hayajakwisha.

Katika miaka ya 1980 Gécamines ilitoa tani zaidi ya 400,000 za shaba katika mwaka mumoja. Mwaka 1994 haikufika hata 50,000. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kazini mara moja katika ule mupango ulioitwa wa kuondoka kwa mapenzi. Hapa Kamatanda hatuna lazima ya kueleza maana ya namba hizo. Wanaume waliokuwa na kazi walikaa mbele ya nyumba. Vijana walikwenda kuchimba kwa mikono yao. Na kazi ya wamama, ile iliyoitwa zamani kazi ya kupitisha saa, ikawa ndiyo inayonunua unga. Matandiko yetu yalianza kuuzwa. Hapo wamama wengine wakasema: tuuze vilevile vitu vidogo. Mufuko wa rozari unauzwa upesi kupita tandiko. Kila mugeni anayepita atanunua mumoja.

Wengine wetu tukakataa. Tulisema: tandiko ni la kuuza, kwa kuwa linalipa uzi na makasi na masomo ya watoto, lakini kitu kinachotoka katika vipande vya vipande kisipewe bei hata siku moja. Kitolewe kwa mutoto aliyezaliwa, kwa mugonjwa, kwa mwenye kufiwa, kwa mufungwa, kwa mutu anayeondoka Kamatanda na hajui kama atarudi. Tuliogopa jambo moja: kitu kidogo kikipewa bei, kesho mutu atashona kitu kidogo kwa haraka, kwa ajili ya bei, na keshokutwa hatutakuwa tena na kitu cha kupeleka mukononi tunapokwenda kwenye kilio.

Shauri likakatwa namna hiyo, lakini si kwa moyo mumoja. Wenzetu waliokataa wangali pamoja nasi, wanakaa katika mustari wa pili, na tuliwaahidi kama leo tutasema neno lao vilevile. Wanasema hivi: mutoto aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa feza ya masomo hasaidiwi na mufuko wa rozari. Wanasema tena: ninyi munaosema zawadi isiuzwe, wengi wenu muna mutoto ao mume mwenye kazi, mujane hana nafasi ya kushona kitu ambacho hakitarudisha kitu. Neno hilo linauma, kwa kuwa ni la kweli. Kwa ajili yake tuliongeza jambo moja: mama anayeshona zawadi anapewa uzi na sindano kutoka feza ya matandiko, na mujane hashoni zawadi katika saa zake za kutafuta chakula. Wenzetu wanasema kama hilo halitoshi.

Katika mabishano hayo tunapenda kuleta habari ya wanawake weusi wa Gee's Bend, katika jimbo la Alabama, inchi ya Marekani, wajukuu wa watumwa, ambao tangu zamani walishona matandiko kwa nguo za kazi zilizochakaa, ili watoto wao wasife kwa baridi. Mwaka 1966, wakati weusi wa sehemu ile walipokuwa wakidai haki ya kupiga kura, wanawake wa hapo na wa vijiji vya jirani waliunda shirika la kushona na kuuza, lililoitwa Freedom Quilting Bee. Mwaka 1972 duka kubwa la Sears liliwapa kazi ya kushona vifuniko vya mito kwa kitambaa kizito chenye mistari. Vifuniko vilitakiwa kufanana vyote, na hakuna aliyeruhusiwa kubadili hata mushono mumoja. Lakini vipande vilivyobaki katika kazi ile, wanawake walivipeleka nyumbani, na katika manyumba yao wakaviunganisha kwa mapenzi yao, kila mumoja kwa namna yake, kwa vitanda vya watu wao. Mwaka 2002 matandiko ya Gee's Bend yalionyeshwa katika jumba la sanaa la Houston, na kati yake ni yale ya kitambaa kilichobaki. Vifuniko vya Sears hakuna aliyevitundika ukutani.

Tunaona kama habari hiyo inatupa haki sisi. Wenzetu wa mustari wa pili wanajibu kama wanawake wale, mbele ya kupeleka vipande nyumbani, walikuwa wamekwisha kulipwa.

Hata Tabita wa Yopa, katika Matendo ya Mitume, hatupatanishi. Alipokufa, wajane walimwonyesha Petro nguo alizowashonea. Sisi tunasema: munaona, alizitoa bure. Wao wanasema: munaona, alishona nguo za kuvaa, si vitu vya kupamba meza. Padri wetu alipoombwa kuamua, alisema kama ana Misa ya kusoma.

Linabaki jambo moja ambalo wageni wanatuuliza kila mara, nalo ni sura za watu. Inchi yetu inapenda kuchapa sura juu ya vitambaa. Katika kikapo chetu kuna vipande vyenye mwenge wa chama cha Mobutu. Kuna vipande vya mwaka 1985, Baba Mutakatifu Yoane Paulo wa Pili alipokuja Kinshasa kumutangaza Anuarite kuwa mwenye heri. Kuna vya mwaka 2023, Baba Mutakatifu Fransisko alipofika. Kuna vya tarehe 8 Machi, vya karibu kila mwaka. Na vya kampanye za kura, ambavyo ni vingi kupita vyote na ambavyo pamba yake ni mbaya kupita yote. Tufanye nini na jicho moja la Papa, ao na nusu ya kidevu cha mutu aliyeomba kura? Tulikubaliana, na hapa bila mabishano, kama sura ya mutu haitawekwa pahali pa sufuria wala pa kukanyagwa. Sura za watakatifu na za Mapapa zinaingia ndani ya vifuniko vya vitabu, upande wa bitana, na mwenye kitabu anajua kama zimo. Mwenge wa chama ni mwekundu na wa manjano, rangi zake hazijafifia hata leo. Tulishona nao matakia ya sindano. Wazee wengine walicheka sana walipoviona, na hatukuwauliza sababu.

Asubuhi hii Padri mumoja mugeni alitutolea feza kwa mufuko wa rozari. Tulimurudishia feza, na mufuko tukamupa. Ninyi nyote mutakaopita kwenye meza mutapewa kitu kimoja, wageni wa mbali kwanza. Tunaomba musichague kwa muda mrefu, kwa kuwa watu ni wengi. Mutaona ndani ya kila kimoja, karibu na pindo, alama ndogo ya uzi mweupe. Ni alama ya mama aliyekishona, na kila mama ana yake. Kama mushono utafunguka, mukilete ao mukitume kwa mutu. Tunashona nyuma ya jumba hili kila siku ya tatu na kila siku ya posho, nyuma ya saa sita, na anayekuja na kipande chake mwenyewe tunamwonyesha pahali pa kukaa. Mashini mbili zinafanya kazi. Ya tatu inangoja mukanda.